Nguzo Iliyoitwa Mildred: Filamu ya Fahrenheit 451 ya mwaka 2018 iliteleza wapi

Ukimuuliza msomaji anayeipenda Fahrenheit 451, riwaya ya Ray Bradbury, kwa nini filamu ya kituo cha televisheni cha HBO ya mwaka 2018 ilimwachia kinyongo, jibu la haraka huwa ni kwamba wamebadilisha mno. Ni kweli walibadilisha. Lakini mwongozaji Mfaransa François Truffaut naye, katika filamu yake ya mwaka 1966 iliyotokana na riwaya hiyohiyo, alimwondoa mzee Faber, mshauri wa shujaa, akamwondoa Mbwa wa Mashine anayewasaka watu, akafuta vita vya atomiki vinavyofunga kitabu, na bado kazi yake inatazamwa na kutajwa kwa heshima hadi leo. Wingi wa mabadiliko, basi, hautoshi kueleza kilichotokea. Nyumba inaweza kubomolewa kuta tatu ikasimama, na inaweza kung'olewa nguzo moja ikalala chini. Filamu ya 2018 iling'oa nguzo, na nguzo hiyo ina jina: Mildred, mke wa Montag, shujaa wa riwaya.

Makala haya yanaeleza mwisho wa riwaya na wa filamu zote mbili. Asiyetaka kuujua aanze na kitabu; si kirefu, maneno kama 46,000, na anayesoma kwa utulivu hukimaliza kwa siku mbili.

Kitabu chenyewe

Bradbury alianza na hadithi ndefu iliyoitwa "The Fireman", iliyotoka katika jarida la Galaxy Februari 1951. Aliiandika chini ya maktaba ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, kwenye chumba cha taipureta za kukodi: unatumbukiza senti 10, unapata nusu saa ya kuchapa. Rasimu ilimchukua siku tisa hivi na dola 9 na senti 80. Baadaye akairefusha, na wachapishaji Ballantine wakaitoa kama riwaya Oktoba 1953. Namba 451 ni nyuzi za Fahrenheit ambazo Bradbury aliambiwa kwamba karatasi hushika moto yenyewe. Kwa Selsiasi ni kama 233. Kwa kweli hutegemea aina ya karatasi na namna inavyopashwa, lakini namba ilishika na haikubanduka tena.

Guy Montag ni mzimamoto katika mji wa Marekani usiotajwa jina, siku za mbele. Nyumba zote zimejengwa kwa vitu visivyoungua, kwa hiyo kikosi cha zimamoto kimepewa kazi nyingine, nayo ni kuchoma vitabu pamoja na nyumba vilimofichwa. Hapa Kiswahili kinaukaza ukatili wa jambo kuliko Kiingereza alichoandikia Bradbury. Neno la Kiingereza, fireman, linataja mtu na moto tu, halisemi mtu huyo anaufanyia nini. Letu linasema waziwazi kwamba anauzima. Msomaji wa Kiswahili akisikia kuwa mzimamoto anamwaga mafuta ya taa sebuleni kwa watu, anajua papo hapo kwamba neno limeporwa maana yake.

Usiku mmoja Montag anakutana na Clarisse, binti wa jirani anayekaribia miaka 17, naye anamuuliza kama ana furaha. Anaingia kwake na kumkuta Mildred amemeza chupa nzima ya vidonge vya usingizi. Wanaokuja kumwokoa si madaktari. Ni mafundi wawili wenye mashine ya kunyonya tumbo na nyingine ya kubadilisha damu, wanafanya kazi huku wakivuta sigara, kama watu wanaozibua bomba la maji machafu, kwa sababu visa vya aina hiyo ni tisa hadi kumi kila usiku. Kukicha Mildred ana njaa na hakumbuki kitu.

Tuketi kidogo na mwanamke huyu, maana ndiye anayeibeba riwaya. Kuta tatu za sebule yake ni televisheni, na anamsihi mumewe waongeze ya nne. Ukuta mmoja ni dola 2,000, thuluthi ya mshahara wa Montag kwa mwaka. Wale wanaozungumza ukutani anawaita familia. Hutumiwa mswada wa mchezo wenye pengo, na waigizaji wakimgeukia yeye husoma mstari wake mmoja wa kukubaliana nao, basi anajiona yumo. Usiku hulala na redio ndogo masikioni, zilizoumbwa kama simbi za baharini, na kwa miaka kumi ya kuishi hivyo amekuwa hodari wa kusoma midomo ya anayemsemesha. Hakuna askari aliyemlazimisha lolote kati ya haya. Amejazwa hadi hapana nafasi ya yeye mwenyewe, na aliyefungua mlango wa kujazwa ni yeye.

Nani aliyeviua vitabu

Mkuu wa kikosi, Kapteni Beatty, anamtembelea Montag aliyelala nyumbani akijisingizia ugonjwa, na kwa kurasa kama kumi anamweleza historia ya kazi yao. Ni hotuba ambayo kila anayetaka kuigeuza riwaya hii kuwa filamu hugonga kichwa chake hapo. Beatty anasema mambo hayakuanzia serikalini. Hapakuwa na amri wala tangazo wala marufuku mwanzoni. Picha zilikuja, kisha sinema, redio, televisheni. Watu wakaongezeka na mambo yakalazimika kurahisishwa yawafae wote. Vitabu vikuu vikafupishwa vitoshe kipindi cha redio cha dakika 15, kisha vitoshe safu ya gazeti inayosomwa kwa dakika mbili, hatimaye vikaishia mistari kumi au kumi na miwili katika kamusi. Kila kundi lililoudhika na ukurasa fulani, ukurasa huo ulitolewa. Watu wakaacha kununua vitabu kwa hiari yao. Moto ulikuja mwisho, kufagia kilichokwisha kutupwa.

Bradbury mwenyewe alishikilia maana hiyo. Katika miaka ya 1950 alizungumzia hofu ya enzi za Seneta McCarthy, aliyewasaka wakomunisti, wakati watu wa Marekani walipoanza kuogopa rafu zao za vitabu, kwa hiyo haitakuwa sahihi kusema siasa haimo. Lakini mwaka 2007 aliliambia gazeti la LA Weekly kwamba kitabu chake kinahusu televisheni inavyoua hamu ya kusoma, na kwamba wanaokiona kuwa ni kitabu cha serikali kudhibiti fikra wamekikosea. Aliyaona haya mapema mno: mwaka 1950 nyumba zenye televisheni nchini Marekani hazikufika asilimia 10.

Na yalimpata yeye mwenyewe. Kuanzia mwaka 1967 wachapishaji wake walitoa toleo la wanafunzi wa sekondari lililopunguzwa makali: sehemu 75 zilibadilishwa, maneno ya laana yakafutwa, mlevi akageuzwa mgonjwa. Toleo hilo likaja kuchukua nafasi ya toleo kamili kwa miaka kadhaa, bila mwandishi kujua, hadi wanafunzi walipoona tofauti na kumwandikia. Maandishi yake yalirudishwa mwaka 1979. Hakuna waziri aliyetoa amri hiyo. Kila aliyekata alidhani anasaidia shule, na kitabu kilichoonya juu ya kukata vitabu kikawa kinakatwa kwa njia ileile Beatty aliyoieleza.

Filamu ya 2018 ilichofanya

Ramin Bahrani aliiongoza na kuandika mswada pamoja na Amir Naderi. Michael B. Jordan ni Montag, Michael Shannon ni Beatty, Sofia Boutella ni Clarisse. Ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes Mei 2018, ikarushwa na HBO tarehe 19 mwezi huohuo. Februari ya mwaka huo Jordan alikuwa ametikisa majumba ya sinema dunia nzima katika Black Panther, na Shannon ni mwigizaji anayeweza kukutisha kwa kuweka kikombe mezani. Matarajio yalikuwa na msingi. Wala haikuwa kazi ya ovyo: iliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy ya filamu bora ya televisheni. Wahakiki wengi hata hivyo waliipokea kwa ubaridi, na wasomaji wa kitabu kwa ubaridi zaidi.

Laura Harrier alikuwa amepewa nafasi ya Mildred, na sehemu zake zilipigwa. Katika uhariri zikaondolewa zote. Filamu iliyotoka ina Montag asiye na mke, anayeishi peke yake na kifaa kiitwacho Yuxie kinachomsemesha na kumtazama kila anapokwenda nyumbani mwake.

Fuatilia uzi huo mmoja uone kilichofumuka. Katika riwaya, anayepiga simu kwa wazimamoto kumshtaki Montag ni Mildred. Gari la zimamoto linasimama, Montag anashtuka kuona ni mlangoni kwake, naye mkewe anapita mbio na sanduku mkononi, uso umepauka, akiililia familia yake ya ukutani. Ndoa ya miaka kumi inaishia kizingitini. Katika filamu, kazi ya kumchunga imepewa mashine. Kuchongewa na mkeo na kuonwa na kamera ni mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. La kwanza linamwuliza mtazamaji yeye ni nani ndani ya nyumba yake. La pili linamwambia awaogope walio juu. Filamu imejaa Wizara inayofuatilia watu, inayowafuta majina, inayotangaza hukumu. Kila anayefanya ubaya yuko upande ule. Mtazamaji anakaa upande huu akiwa msafi, na hapo hotuba ya Beatty imebatilishwa hata kama vipande vyake vinasikika.

Bila Mildred hakuna sebule yake pia, na bila sebule yake limetoweka tukio ambalo mwongozaji yeyote angelililia. Marafiki wa Mildred wamekuja kutazama ukuta. Mume wa mmoja wao ameitwa vitani. Wanaambiwa ni vita vya saa 48, nao hawana wasiwasi. Montag anazima kuta, anatoa kitabu, anawasomea shairi la Matthew Arnold juu ya bahari ya imani iliyokupwa. Bibi Phelps anaangua kilio na hajui analia nini. Bibi Bowles anakasirika kwa sababu shairi limewaumiza. Chumba kimoja, watu wanne, karatasi moja. Hakuna gharama ya moto wala magari. Ndipo mahali pekee katika riwaya ambapo maneno yanamgusa mtu asiyejiandaa, na tunaona kwa macho kitabu hufanya nini. Filamu ya 2018 badala yake inatueleza mara nyingi kwamba vitabu ni muhimu. Tunaambiwa, hatuonyeshwi.

Clarisse naye amehamishwa. Katika riwaya ni kijana anayeonja mvua kwa ulimi, anayetoweka mapema, na Mildred anataja kwa kupitia tu kwamba anadhani binti huyo aligongwa na gari. Anafanya kazi yake kwa maswali machache. Katika filamu ni mtu mzima, mpashaji habari wa Beatty, na mpenzi wa Montag. Mabadiliko haya yalitokana na kumwondoa mke: filamu ilihitaji mwanamke wa kukaa karibu na shujaa, ikamchukua huyu. Swali la furaha likapotea katika mapenzi yaliyoharakishwa.

Vipo vitu vizuri, na haki itendeke. Uchomaji unarushwa moja kwa moja kwenye kuta za maghorofa huku vialama vya uso vya mamilioni ya watazamaji vikimiminika, na hapo filamu ilikuwa na ufunguo mkononi, kwa sababu hao watazamaji ndio akina Mildred wa leo. Kama kamera ingemfuata mmoja wao hadi nyumbani kwake, tungekuwa tunaandika makala nyingine. Beatty anayejificha usiku akiandika kwenye karatasi za kusokotea sigara, kisha akiyachoma maandishi yake, ni ubunifu halali. Bradbury mwenyewe, alipoandika tamthilia ya jukwaani kutokana na riwaya hii, alimpa Beatty maktaba kubwa nyumbani isiyosomwa.

Kuhifadhi

Jambo la pili lililowakera wasomaji ni ndege. Waasi wa filamu, wanaoitwa Mikunga (kwa Kiingereza Eels, wale samaki warefu kama nyoka), wana mpango uitwao OMNIS: vitabu, sinema, muziki na maarifa yote ya binadamu yamegeuzwa kuwa alama za DNA na kutiwa ndani ya ndege mdogo. Kazi ya Montag mwishoni ni kumrusha ndege huyo aungane na wenzake avuke mpaka kwenda Kanada, wanasayansi wamsubiri huko. Anafanikiwa, na Beatty anamuunguza.

Sayansi yenyewe si uzushi mtupu. Mwaka 2012 watafiti wa Harvard akiwemo George Church waliandika kitabu cha maneno yapatayo 53,000 katika DNA na kukisoma tena. Tatizo liko kwingine, na Kiswahili kinatusaidia kulionyesha kwa neno moja. Tunasema kuhifadhi mahindi ghalani, tena tunasema mtoto wa chuoni amehifadhi juzuu kumi. Neno ni lilelile, kazi ni mbili. Ghala halijui ladha ya mahindi. Mtoto aliyehifadhi amerudiarudia kila aya kwa ulimi wake, amekosea, amesahihishwa, na siku moja akiwa na miaka arobaini aya moja inamjia barabarani na maana asiyokuwa ameiona.

Riwaya ya Bradbury imesimama juu ya kuhifadhi kwa namna ya pili. Montag anapokimbilia mtoni na kuwafikia watu wa Granger, kiongozi wa waliokimbia mji, kwenye reli za zamani, anakuta kila mmoja amebeba kitabu au sehemu ya kitabu kichwani. Hawajigambi, wanajiona kuwa majalada tu ya vitabu walivyovibeba. Montag mwenyewe amebakiwa na sehemu ya kitabu cha Mhubiri na kidogo cha Ufunuo, na hana hakika kama atavikumbuka. Udhaifu huo ndio uzuri wake. Kitabu kimepata mtu, na mtu anaweza kufa, kwa hiyo lazima amfundishe mwingine.

Faber, mwalimu mzee wa fasihi ambaye filamu zote mbili zilimwacha, anaeleza hasara kwa mambo matatu. La kwanza ni ubora wa habari, uzito na chembechembe za maisha zilizomo ukurasani. La pili ni nafasi ya kuutafuna ukurasa huo bila kukimbizwa. La tatu ni haki ya kutenda kutokana na uliyojifunza. Anaongeza kwamba si lazima yawe vitabu. Mambo hayohayo yangeweza kupita katika redio na televisheni, ila hayapitishwi. Sentensi hiyo inawafungulia watengenezaji wa filamu mlango kabisa. Riwaya haichukii skrini. Inaiomba skrini iwe na uzito na impe mtu nafasi.

Sasa mpime yule ndege kwa vipimo vya Faber. Ana la kwanza kwa wingi usiohesabika, na hana la pili wala la tatu. Maarifa yote ya ulimwengu yakiingia katika mji wa Mildred kesho asubuhi hayatabadilisha kitu, kwa sababu mji ule haukuishiwa maarifa, uliishiwa subira. Filamu imetibu ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Hesabu za mswada

Ingekuwa rahisi kulaumu uzembe, lakini hali ya kazi yenyewe inasukuma huko. Waandishi wa filamu huhesabu ukurasa mmoja wa mswada kwa dakika moja ya skrini. Filamu hii ni ya dakika 100 hivi, kwa hiyo kurasa 100, na mswada wa urefu huo hubeba kama maneno 20,000 tu pamoja na maelezo ya kamera. Zaidi ya nusu ya riwaya lazima itoke hata ukiiheshimu vipi. Hotuba ya Beatty ikisemwa yote kwa mwendo wa kawaida itakula robo saa na ushei, yaani zaidi ya sehemu moja ya saba ya filamu, huku mtu mmoja akiwa kitandani na mwingine akivuta kiko.

Mkasi ukishikwa kwa hesabu hiyo, hufuata mahali laini. Kinachotoka kwanza ni kile ambacho hakuna tukio: mke amekaa, ukuta unaongea, mume anamtazama. Kinachobaki ni kile chenye mwendo, na katika riwaya hii chenye mwendo ni moto. Moto hupendeza kamera mno. Bradbury aliufungua mlango kwa utamu wa kuunguza, lakini sentensi zake zinampeleka msomaji kuusikia utamu huo ndani ya mikono ya Montag, kisha kuuonea haya. Kamera isipojihadhari inabaki na utamu peke yake, na mtazamaji anakuwa amekaa mbele ya ukuta wa Mildred bila kuambiwa.

Truffaut alikuwa na mkasi huohuo na lugha asiyoimudu. Ndiyo filamu yake pekee ya Kiingereza, na ya kwanza ya rangi. Mazungumzo yake ni makavu, na yeye na Oskar Werner, aliyeigiza Montag, walikosana wakati wa upigaji. Lakini aliuliza swali sahihi kabla ya kukata: dunia isiyo na maandishi inaonekanaje? Kwa hiyo majina ya mwanzo wa filamu hayakuandikwa, yanasomwa kwa sauti. Mke alimbadilisha jina akamwita Linda, lakini alimweka, akamweka mbele ya ukuta unaomuuliza maoni yake. Kisha akampa Julie Christie nafasi mbili, Linda na Clarisse pamoja. Uso mmoja, wanawake wawili, na tofauti yao yote ni kilichoingia kichwani. Kurasa 20 za riwaya zimeingia katika uamuzi mmoja wa kupanga waigizaji. Vitabu vinapoungua kamera inakaribia hadi unasoma maneno mawili matatu kabla hayajajikunja na kuwa meusi, nawe unajikuta unataka kuunyosha mkono. Mwisho wake, watu-vitabu wakitembea kwenye theluji kila mmoja akinong'ona chake, Bradbury aliusifu. Na alipoandika tamthilia yake akafuata nyayo za filamu kwa kumwacha Clarisse hai.

Mwisho ni mahali pa hatari katika kazi zote za namna hii. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu Shamba la Wanyama ya George Orwell, katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, na wanakumbuka inavyokwisha: wanyama wamechungulia dirishani, wanatazama nguruwe, wanatazama watu, hawawezi kuwatofautisha. Filamu ya katuni ya mwaka 1954, iliyofadhiliwa kwa siri na CIA, haikukubali mwisho huo. Ndani yake wanyama wanakusanyika tena na kuwapindua nguruwe. Shabaha ilikuwa kumfariji mtazamaji, na faraja hiyo ilimnyang'anya lile dirisha. Ndege wa OMNIS anafanya kazi ya namna hiyohiyo. Bradbury alimaliza kwa mji ulioangamizwa na mabomu kwa muda wa kufumba na kufumbua, na wanaume wachache wenye vumbi nyusoni wakipika kifungua kinywa kabla ya kurudi kuona kama kuna aliyebaki. Filamu ilimalizia angani.

Namna ya kuvilinganisha mwenyewe

Anayetaka kuhakiki haya asianze na filamu kisha akakimbilia kitabu kutafuta makosa. Atapata orodha ndefu isiyo na maana. Soma kwanza sehemu ya kwanza ya riwaya hadi Beatty anapoaga na kutoka nyumbani kwa Montag, ukiweka alama kila mahali Mildred anapotajwa. Kisha tazama nusu saa ya kwanza ya filamu ya 1966 na nusu saa ya kwanza ya ile ya 2018, na kwa kila alama ujiulize kazi ile imepewa nani sasa. Ikiwa mtu mwingine au kitu kingine kimeibeba, hata kwa sura ngeni, mabadiliko ni halali. Ikiwa hakuna aliyeibeba, umelipata tundu. Fanya hivyo kwa Mbwa wa Mashine, mwenye miguu minane na sindano ya ganzi puani: kazi yake kubwa haikuwa kuuma, ilikuwa kugeuza msako wa mtu kuwa kipindi cha televisheni. Montag anapowaponyoka kwa kuvuka mto, wenye kipindi hawawezi kuwasubirisha watazamaji, wanamkamata mpita njia asiye na hatia na kumuua mbele ya kamera ili kipindi kiishe kwa wakati. Truffaut alimwacha mbwa lakini akaushika mchezo ule wa kumuua mtu wa badala. Filamu ya 2018 ilikuwa na kuta za kuonyeshea, ilikuwa na watazamaji, na tukio hilo halimo.

Anayetamani jaribio la tatu asiombe moto mkubwa zaidi. Saa tatu au nne za televisheni zingetosha kitabu hiki, na saa ya kwanza ingeweza kuwa siku moja ya Mildred, tangu vidonge hadi vidonge, ndani ya chumba chenye kuta tatu zinazong'aa na ya nne ambayo bado ni saruji. Ni nafuu kuliko kuchoma nyumba moja.

Kuna kijisehemu ambacho filamu ya 2018 imekosa, na ndicho kinachouma zaidi ukikirudia. Mapema katika riwaya Montag anamuuliza mkewe walikutana wapi mara ya kwanza. Mildred hakumbuki, anacheka, anasema haina uzito, anakwenda bafuni kumeza vidonge. Montag naye hakumbuki. Kurasa zaidi ya mia baadaye amelala kifudifudi porini, mabomu yako hewani juu ya mji, naye anamwona akilini Mildred katika chumba cha hoteli, ukuta unazimika ghafla, na kwa nukta moja ya mwisho anauona humo uso wake mwenyewe. Ardhi inatikisika. Na hapo ndipo linapomrudia Montag jibu alilolitafuta: Chicago, zamani sana, yeye na Millie.

Montag wa 2018 hana wa kumuuliza swali hilo.